Wanafunzi wangu hawasimulii shule walizosoma

SWALI: Nafundisha Kiswahili mtandaoni. Wanafunzi wangu ni watu wazima walioko Ujerumani na Marekani, ngazi ya kati. Nikiwaambia wanisimulie maisha yao ya shule ya msingi, napata sentensi mbili, kisha wanahamia Kiingereza. Nakosea wapi?
Mwalimu, Arusha

JIBU: Mwalimu, swali lako ni pana mno. Miaka yote ya shule ya msingi haisimuliki kwa maneno machache. Muulize asubuhi moja tu: tangu anatoka nyumbani hadi kipindi cha kwanza. Siku moja kabla, mtumie maneno kumi hivi: kengele, mstarini, sare, kiranja, mwalimu wa zamu, kuchelewa, kufagia, ubao, daftari, mapumziko.

Somo likianza, tangulia wewe kwa dakika tatu. Mwambie habari za mchakamchaka, ukaguzi wa kucha mstarini, rimu ya gari iliyotundikwa mtini ikagongwa kwa chuma badala ya kengele. Mtu wa Berlin hawezi kuukisia mchakamchaka, atauliza tu, na akishauliza ameshaanza kuongea. Kisha mwachie dakika kumi bila kumkatiza. Makosa yaandike pembeni. Mwishoni mrudishie matatu tu, kwa kumwandikia sentensi zake mwenyewe kwenye ujumbe azisahihishe.

Kosa utakalolisikia zaidi ni hili: "Nilipokuwa mtoto, huenda shule kwa miguu." Amefundishwa kwamba hu- ni ya mazoea, lakini hu- peke yake inaonyesha kwamba bado anaenda, na mbaya zaidi "huenda" inaweza kueleweka kuwa "labda". Mazoea yaliyopita yanataka "nilikuwa nikienda" au "nilikuwa naenda". Tukio la siku moja ni jambo jingine: -li- inafungua, -ka- inaendeleza. "Nilichelewa, nikajificha chooni, mwalimu wa zamu akanikuta." Wengi hurudia -li- kila kitenzi, na masimulizi yanakuwa kama maelezo ya polisi.

Halafu kuna vitenzi vifupi. Kwa kuwa amezoea "nilikula", atasema "nikakula". Ile ku- inabaki baada ya -li-, inaanguka baada ya -ka- na -ki-: nikala, nikaja, nikanywa, nilikuwa nikila. Vifanyieni zoezi la dakika tano kabla ya masimulizi, maana uji na maandazi ya mapumziko havikwepeki katika mada hii.

Mtandao ukisuasua, zimeni kamera mbakize sauti. Ukikatika kabisa, mwambie akurekodie dakika mbili za sauti akutumie. Mara nyingi hapo huongea vizuri zaidi, kwa sababu hakuna anayemtazama.

SWALI: Mwanafunzi wangu alinyamaza nilipomuuliza kuhusu adhabu shuleni. Niendelee kumdadisi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usiendelee. Viboko na kuchekwa darasani ni mambo ambayo mtu huyataja mwenyewe akitaka. Mpe mada tatu achague: njia ya kwenda shule, chakula cha mapumziko, au mchezo wa uwanjani. Akigusa jambo zito kwa hiari yake, weka kalamu chini. Siku hiyo usimsahihishe sarufi. Asiyetaka kujitaja kabisa asimulie ya mtoto wa kubuni: "Alikuwa akitembea peke yake, akakutana na mbwa." Sarufi ni ileile, na nafsi ya tatu nayo inapata mazoezi.