Taarifa zinatoka kila siku ofisi ya elimu ya mkoa: ipi ndiyo inayofuatwa?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Nipo ofisi ya elimu ya mkoa, nimekabidhiwa kazi ya kutoa taarifa na maelekezo kwa watumishi wetu na kwa halmashauri. Tuna kundi la WhatsApp la maofisa, jingine la wakuu wa shule, barua pepe, barua za karatasi na ubao wa matangazo pale mapokezi. Pamoja na yote hayo, kila wiki napigiwa simu: "Afisa, hili tulilotumiwa leo ni jipya au ni lile la zamani?" Hivi karibuni halmashauri moja ilifuata utaratibu wa ruhusa za kutoka nje ya kituo ambao sisi tulishaubadilisha. Mkuu wangu anataka tufungue kundi moja kubwa la watumishi wote. Litasaidia? Na tufanyeje ili mtumishi asije akasema hakuona?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kundi jingine halitasaidia. Njia za kufikisha taarifa mnazo tano tayari, na taarifa zinafika. Huyo anayekupigia simu hajakuambia kwamba hakupata. Anakuuliza ni lipi linalotumika. Hilo hamna mahali pa kumwonyesha, na ndilo la kushughulikia kwanza. Mimi nimefanya kazi ya kutunza kumbukumbu masjala kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila mgogoro wa "mimi sikuambiwa" niliowahi kuufuatilia hadi kwenye jalada uliishia hapo: maelekezo mawili ya jambo moja, yote yana mhuri, na hakuna lililosema kwamba linalifuta lenzake.

Tuanze na nani anasema, maana hapa ndipo ofisi nyingi zinateleza. Afisa Elimu Mkoa yupo ndani ya Sekretarieti ya Mkoa, chombo kilichowekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997. Barua yake inatoka kwa jina la Katibu Tawala Mkoa, ndiyo maana chini pale panaandikwa "Kny.", yaani kwa niaba ya, kabla ya cheo. Na ikienda halmashauri, inakwenda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi anaishusha kwa maofisa elimu wake, wao kwa maofisa elimu kata, hadi kwa mwalimu mkuu wa msingi na mkuu wa shule wa sekondari. Ujumbe wa simu unaruka ngazi zote hizo kwa sekunde moja. Mkuu wa shule anasoma agizo la mkoa saa mbili asubuhi, Mkurugenzi wake analisikia saa nane mchana kutoka kwa mtu mwingine, na pengine Mkurugenzi huyo alishatoa agizo tofauti juzi. Hapo mkuu wa shule atamtii nani? Kwa hiyo sharti la kwanza: katika kundi lenu la wakuu wa shule lisiwekwe jambo ambalo barua yake haijaondoka kwenda kwa Wakurugenzi.

Kuna na suala la jina. Nimeona ofisi za mkoa zinaandika tangazo la kikao halafu juu wanaweka "WARAKA". Waraka wa Elimu unatolewa na Kamishna wa Elimu kule wizarani, una namba yake na mwaka wake. Mambo ya utumishi yana nyaraka zake kutoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Nidhamu ya walimu ina Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015. Ninyi mkoani mnatoa maelekezo na mnatoa taarifa. Maelekezo yanamtaka mtu afanye kitu, taarifa inamjulisha tu. Mkishika majina hayo mawili na kuyatumia vilevile kila siku, nusu ya simu zitapungua, kwa sababu msomaji ataona kwenye mstari wa kwanza kama ana kazi ya kufanya au hana. Na tafadhali yale maneno ya "atakayekiuka atachukuliwa hatua kali" yaondoeni, isipokuwa mnaweza kutaja ni hatua gani, ya kifungu gani, na inachukuliwa na mamlaka ipi. Mtumishi akitishwa mara kumi kwa maneno matupu, la kumi na moja lenye kifungu halisi atalipita vilevile.

Acha nikupe kisa kimoja ili uone kwa nini nalisisitiza hili. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, watarudi shuleni katika mfumo rasmi. Ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa katika ziara ya ukaguzi wa kumbukumbu kwenye shule moja, siitaji. Nje ya ofisi alikaa mama na binti yake, binti ana mtoto mgongoni. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa amesikia redioni, amesoma kwenye simu. Lakini alinifungulia jalada la nyaraka, akanionyesha karatasi ya juu kabisa: ni ya zamani, inazungumzia kufukuzwa shule. "Hii ndiyo niliyonayo kwa maandishi," akasema, "ile nyingine nimeisikia tu." Kwenye simu yake waraka mpya ulikuwepo, umepigwa picha, picha ikapigwa picha tena, sehemu ya juu yenye namba na tarehe imekatwa. Hakuthubutu kuutumia. Yule binti alirudishwa nyumbani siku ile kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyeiandika "imefutwa". Tuliipata nakala kamili wiki iliyofuata, akapokelewa. Sijaisahau sura ya yule mama, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Sasa kazi yenyewe. Kila maelekezo yapewe namba ya mfululizo kwa mwaka: Maelekezo Na. 1 ya 2025, Na. 2, Na. 3. Najua utasema barua ina Kumb. Na., yaani namba ya kumbukumbu, tayari. Kumb. Na. ni anwani ya jalada. Inamwambia mtu wa masjala barua imelala wapi, na ile tarakimu ya mwisho ni folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada. Barua kumi za mambo tofauti zinaweza kukaa jalada moja na kutofautiana kwa folio tu, na mwalimu aliyeko kijijini hana namna ya kujua kwamba folio 46 imeifuta folio 31. Namba ya mfululizo ni kwa ajili yake. Zitumieni zote mbili.

Kisha mistari ya mwanzo, kabla hata ya "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu". Linganisha hii:

"Mnakumbushwa kuwa ruhusa zote za kutoka nje ya kituo zifuate utaratibu mpya. Zingatieni."

na hii:

"Maelekezo Na. 9 ya 2025. Yanawahusu watumishi wote wa Seksheni ya Elimu, wakiwemo madereva na wahudumu. Yanaanza tarehe 1 Septemba 2025. Yanafuta Maelekezo Na. 4 ya 2025, aya ya 2 na ya 3. Aya nyingine zinaendelea. Unachotakiwa kufanya: ruhusa ya kutoka nje ya kituo iombwe siku tatu za kazi kabla ya safari. Maswali: ofisi ya utawala."

Ya pili ni ndefu zaidi, lakini hakuna atakayepiga simu. Angalia hasa ule mstari wa kufuta. Huo ndio unaosahaulika kuliko yote, kwa sababu anayeandika jipya anadhani kila mtu anajua kwamba jipya linafuta la zamani. Si kweli. Jipya linaweza kuongeza, linaweza kurekebisha aya moja, linaweza kufuta lote. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulihusu elimumsingi bila malipo, kisha Na. 3 wa 2016 ukaja kufafanua utekelezaji wake; aliyeshika mmoja bila mwingine alikuwa na nusu ya habari. Kama hakuna kinachofutwa, andika hivyohivyo: "Hayafuti maelekezo yoyote." Ukijilazimisha kuujaza mstari huo kila mara, utalazimika pia kufungua jalada na kuangalia mlishasema nini. Mara ya kwanza utashangaa mliyoyakuta.

Baada ya hapo ndipo linakuja daftari, na hili ndilo jibu langu hasa kwa swali lako. Fungua jedwali moja kwenye kompyuta, ukurasa mmoja tu: namba, jambo, tarehe ya kuanza, linawahusu kina nani, hali. Katika hali kuna maneno matatu tu, LINATUMIKA, LIMEREKEBISHWA NA Na. fulani, LIMEFUTWA NA Na. fulani. Lichapwe kila Jumatatu, libandikwe ubaoni pale mapokezi, na litumwe kwa barua pepe ya serikali, ile inayoishia na go.tz, kwa kila Mkurugenzi. Mtu akikuuliza "ni jipya au la zamani?" unamwambia aangalie daftari la Jumatatu. Lisilokuwemo kwenye daftari halitumiki. Sentensi hiyo ya mwisho umwombe Katibu Tawala aisaini kama maelekezo yenyewe, vinginevyo daftari litabaki kuwa juhudi yako binafsi, na siku ukihamishwa litakufa.

Mwenye daftari awe mtu mmoja, na awepo wa kumkaimu akiwa likizo. Nimeona daftari zuri likisimama wiki tatu kwa sababu nywila alikuwa nayo mtu aliyekwenda msibani. Kama ofisi yenu imeshaingia e-Ofisi, mfumo wa serikali wa kushughulikia barua na majalada kwa kompyuta, barua na majalada yatakaa humo, vizuri sana, lakini mfumo hautakujazia mstari wa kufuta. Huo unajazwa na akili ya mtu.

Yaliyofutwa msiyachane. Kumbukumbu za umma zina sheria yake, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002, na haziharibiwi kwa uamuzi wa ofisi. Gonga mhuri wa IMEFUTWA kwenye nakala ya jaladani, andika kwa kalamu namba ya maelekezo yaliyoifuta na tarehe, irudishe mahali pake. Mtumishi aliyepewa ruhusa mwezi Machi ana haki ya kupimwa kwa utaratibu wa Machi, na siku malalamiko yake yakifika mbele ya mamlaka, karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea, au itakayowatetea ninyi.

Kuhusu "sikuona". Alama mbili za bluu kwenye simu zinaonyesha ujumbe umefunguliwa kwenye kifaa. Hazionyeshi nani ameushika mkononi wala kama ameelewa. Maelekezo yanayobadilisha haki au wajibu wa mtu yasainiwe: jina, tarehe, saini, kwenye daftari linalozungushwa, kama walimu wanavyosaini matangazo ofisini kwao. Hayatakuwa mengi, labda moja au mawili kwa mwezi. Taarifa za kawaida, vikao, wageni, misiba, hazihitaji saini ya mtu. Halafu kaa na orodha ya watumishi uangalie ambao hawajasaini, na ujiulize wako wapi. Aliye likizo ya uzazi yuko nje siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Yuko masomoni nani? Nani analazwa? Hao wapelekewe kwa njia nyingine au wasomeshwe siku ya kurudi, na tarehe yao ya kuanza kuwajibika ihesabiwe kutoka siku hiyo. Dereva na mlinzi ambao hawana simu ya kupokea mafaili, wasomewe kwa sauti, kisha wasaini. Ni watumishi sawa na wewe, na mara nyingi ndio wa kwanza kuadhibiwa kwa utaratibu ambao hawakuwahi kuuona.

Jambo moja zaidi kabla mkuu wako hajafungua lile kundi. Yapo majedwali yanayopita humo yenye majina, cheki namba (namba za mtumishi kwenye mishahara), namba za NIDA, akaunti za benki, hata nani ameomba uhamisho kwa sababu ya ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto ni miongoni mwa zinazohesabiwa kuwa nyeti. Jedwali likishaingia kwenye simu mia mbili halirudi. Orodha ya namna hiyo ipite kwenye barua pepe ya serikali, kwa mtu mmoja mmoja mwenye kazi nayo, na kundi liambiwe tu kwamba imetumwa.

Makundi mliyonayo yabaki. Yana kazi moja nzuri sana, ya kengele: "Maelekezo Na. 9 yametoka, yapo kwenye barua pepe na ubaoni." Mstari mmoja, basi. Picha ya barua isiwekwe, kwa sababu picha hukatwa vichwa.

Wiki hii usijaribu kupanga kila kitu. Chukua jambo hilohilo la ruhusa za kutoka nje ya kituo, kusanya yote mliyowahi kuandika juu yake kwa miaka mitatu iliyopita, yapange kwa tarehe mezani, kisha mwite mkuu wako ayaone kabla hamjazungumza habari ya kundi jipya.