Kontena limerudi tupu

Alhamisi iliyopita mwanangu aliingia ndani, akatupa begi kwenye kochi kama kawaida yake, na mimi kama kawaida yangu nikaenda moja kwa moja kwenye kontena lake la chakula. Nikafungua. Tupu! Mbegu tatu za chungwa na kipande cha ganda la yai, basi. Nilipiga picha nikamtumia dada yangu. Akajibu, "Ndiyo nini sasa?" Simlaumu, hajui nilikotoka.

Mwaka jana nilikuwa namwaga chakula kila jioni. Mkate wa siagi, soseji mbili, juisi ya paketi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Juisi inaisha, soseji zinaisha, mkate unarudi umekauka kingo. Siku ya kuchukua ripoti mwalimu akaniambia, "Mama, huyu mtoto ikifika saa saba anasinzia. Anakula nini?" Aliuliza kwa upole kabisa, ila wazazi wawili nyuma yangu walisikia, na mmoja akageuka kunitazama kuanzia viatu. Mpaka leo nikikutana naye getini najifanya napokea simu.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nakula nini? Chipsi mayai na soda, hapo nje ya ofisi, karibu kila siku.

Nikajiapiza. Nikaingia mtandaoni, nikaona yale makontena ya rangi, karoti zimekatwa nyota, nikaenda kununua hoho za rangi tatu na brokoli. Hela iliyotoka ingetosha mboga za wiki nzima sokoni. Mtoto akaishika ile brokoli akauliza, "Mama, huu mti wa nini?"

Halafu likaja la wali. Niliupika usiku, nikauacha jikoni kwenye sufuria mpaka asubuhi, nikaupasha juujuu, nikafungasha hotpoti mbili. Na joto la Dar mnalijua. Jioni tulipokezana choo mimi na yeye. Ndipo nikasoma kwamba kwenye mchele kuna bakteria ambao mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa jikoni usiku kucha wanaamka, wanazaliana na kutoa sumu, na hiyo sumu hata upashe vipi haitoki. Siku hizi wali wa kesho nautandaza kwenye sinia upoe upesi, unaingia friji usiku uleule, asubuhi naupasha mpaka utoe mvuke, na hotpoti naisuuza kwa maji ya moto kwanza. Kama huna friji, pika asubuhi. Hapo hakuna ujanja.

Kilichonisaidia hakikutoka mtandaoni. Nilikumbuka tu tulivyokuwa tunakula kwa bibi: magimbi, mihogo, viazi vitamu, kunde, choroko, njugu mawe. Vyote hivyo viko sokoni, mimi nahangaika na soseji! Sasa sipiki zaidi ya zamani, nabadilisha kitu kimoja kimoja. Maharage ya Jumapili natoa bakuli kabla sijatia nazi. Jumatatu yanakwenda na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Jumanne ni chapati iliyoviringishwa yai na karoti ya kukwaruza. Choroko zinamsubiri wali. Kipande cha ndimu hakikosekani, kwa sababu vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Chai ya rangi juu ya chakula inafanya kinyume, kwa hiyo chupa yake ina maji.

Kachumbari iweke kwenye kikopo chake, bila chumvi. Ukitia chumvi saa kumi na mbili asubuhi, mchana unakuta supu ya nyanya. Chungwa namenya kama wale wauzaji wa stendi, ganda jeupe linabaki, halirowanishi daftari.

Kuna siku nilipeleka dagaa ofisini, wa kukaanga wakavu na vitunguu, ndimu ya kutosha. Mwenzangu mmoja akapaza sauti, "Nani katuletea ziwa humu ndani?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini nilikula nikiwa nimewapa mgongo. Mwezi uliopita huyohuyo, baada ya kuambiwa presha imepanda, amekuja mezani kwangu kuniuliza dagaa nawakaangaje. Nimemwelekeza. Sikumkumbusha ziwa, ingawa ulimi uliwasha.

Jamani wazazi wenzangu, tuache visingizio. Tunaamka alfajiri kuwahi mwendokasi, tunaamka alfajiri kupiga pasi sare, halafu chakula cha mtoto tunakimalizia dukani kwa hela ya kumkabidhi mkononi. Viazi vinachemka wewe unaoga! Na mshirikishe mtoto. Wangu Ijumaa anachagua mwenyewe, na akichagua soseji anapata, moja.

Jana usiku alikuja jikoni nikiwa naosha kontena. "Mama, kesho niwekee machungwa mawili."

"Moja halikutoshi?"

"La Alhamisi alikula rafiki yangu."

Nikamwekea mawili. Yai sikuuliza.