Kabla hujajenga ukuta kando ya ziwa, uliza njia inapita wapi

Dalali aliyeniuzia kiwanja changu kando ya Ziwa Victoria, upande wa Igombe, hapa Ilemela, Mwanza, alivua viatu, akakunja suruali, akaingia ziwani mpaka magotini. Akageuka, akaniambia, "Bosi, mpaka wako ni hapa niliposimama." Ilikuwa 2015. Nilifurahi kama mtoto. Sikujiuliza mtu anauziwaje maji.

Sasa hivi haupiti mwezi bila mtu kunipigia: nimepata eneo Luchelele, nimepata eneo Kayenze, linagusa ziwa, bei nzuri, unanishauri nini? Na mimi namuuliza: njia ya kwenda ziwani inapita wapi? Wengi hudhani naulizia barabara ya gari. Naulizia ile ya miguu, ambayo haimo kwenye ramani yoyote ya mipango miji lakini majani hayajawahi kuota juu yake.

Ya kwangu ilipita katikati ya kiwanja. Nikaijengea ukuta.

Ulikuwa ukuta hasa, wa tofali za saruji, futi saba, vipande vya chupa juu. Kina mama waliozoea kupita hapo alfajiri na ndoo, na wale wanaokwenda mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, kununua dagaa wabichi, ikabidi wazungukie nyuma ya majabali. Hakuna aliyekuja kugomba. Laiti wangegomba! Watu wa huku hawakugombezi, wanakunyamazia. Ukisalimia mwaloni unajibiwa nusu mdomo huku mtu akiendelea na wavu wake. Pampu yangu ya maji ilipoibwa, watu wapatao ishirini walikuwa wanaanika dagaa hatua chache kutoka hapo, na wote ishirini hawakuona kitu. Fundi akiulizia kwangu alikuwa anaelekezwa, "Kule kwa ukuta." Hilo ndilo likawa jina langu.

Sheria nimeijua baadaye, na nakushauri uijue mapema. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa la asili. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Pima kiwanja unachoonyeshwa, uone kinabaki nini cha kujengea. Hata maji yenyewe ni mali ya umma: ukitaka kuvuta kwa pampu, unaomba kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kwa hiyo nenda kwa afisa ardhi ukakague bikoni za mipaka, nenda kwa watu wa mazingira, nenda kwa watu wa Bonde, ndipo urudi kwa dalali na bei yako mpya. Atakasirika. Mwache akasirike.

Ila kuna ofisi moja inazishinda zote hizo, nayo ni mzee wa jirani.

Juu kidogo ya jiko langu kuna mkuyu mkubwa. Siku moja alipita mzee ambaye mtaa mzima unamwita Babu, nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akasimama akiutazama mkuyu, kisha akautazama msingi wa jiko niliokuwa nimeumwaga wiki hiyo.

"Kijana wangu, hili jiko ni la samaki?"

Nikacheka, nikasema la binadamu.

"Mimi nimefunga mtumbwi kwenye mkuyu huu," akasema. "Mvua za uhuru. Maji yalifika hapa." Akagusa shina kwa fimbo, chini kidogo ya kiuno chake.

Nilimshukuru, nikaendelea kujenga. Nilijiambia wazee wana hadithi, na kwamba enzi hizo ziwa lilikuwa ziwa na sasa hivi kuna mabadiliko ya tabianchi, litakauka tu. Ndivyo nilivyokuwa najua mambo.

Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2019 hazikukata. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Jinja Uganda linapoanza Mto Nile, na sehemu kubwa ya maji yake haiji na mito, inanyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua ikizidi miezi mingi mfululizo, hakuna pa kuyapeleka. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42. Rekodi ya nyuma yake ilikuwa 13.41, ya Mei 1964. Tofauti sentimita moja! Na ukirudi kwenye hesabu, kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kama mita mbili na nusu. Hizo ndizo mvua za uhuru za Babu. Mzee alikuwa amenisomea kipimo cha Jinja kwa fimbo.

Mtu wa mjini akisikia ziwa limepanda mita moja anaona kidogo. Ufukwe wetu ni tambarare. Mita moja ya kwenda juu inakuja nchi kavu makumi ya mita, na haiji kwa kishindo. Inakuja kila asubuhi shubiri moja, hadi siku unakuta ndala zako zinaelea barazani. Ukuta ulichimbwa chini na mawimbi, ukalala kifudifudi upande wa ziwani usiku mmoja wa upepo. Jiko likawa la samaki kweli. Niliona kambare humo kwa macho yangu.

Lakini kilichonitia aibu ni karo la choo. Nilikuwa nimelichimba pembeni chini, karibu na maji, kwa sababu fundi alisema uchafu unashuka wenyewe bila gharama. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia karo kwa chini, na kilichokuwemo kikatoka kwa juu. Hapo hapo watu wanachota. Hapo hapo watoto wanaoga. Nilikaa ndani siku mbili nikiona aibu kutoka. Kwa hiyo, ndugu yangu, karo liwe kona ya juu kabisa ya kiwanja, hata kama itabidi ununue pampu ya kupandishia. Sakafu na kuta zisakafiwe zisivuje. Na hakikisha gari la kunyonya linafika. Nimeona majumba ya kifahari yenye karo lililojengwa nyuma ya jabali ambako hata toroli haliendi. Hao uchafu wao wanaupeleka wapi? Unajua, najua.

Kuhusu mafunjo niseme kidogo, maana hapa ndipo wageni wengi tunapokosea tukidhani tunasafisha. Unanunua, unakuta mafunjo na matete yamesimama mbele, unaleta vijana na mapanga ili uone ziwa. Jirani yangu wa kushoto alifyeka yote. Wa kulia aliacha, akakata kijia cha upana wa mtumbwi tu. Mwaka 2020 wa kushoto alipoteza ardhi hatua kumi na tatu, tulipima kwa miguu. Wa kulia maji yalimfikia pia, lakini yalifika yametulia, wimbi limeshavunjikia kwenye mafunjo, na yalipoondoka udongo wake ulikuwepo. Halafu mafunjo yanachuja. Samadi na sabuni zinazoshuka na mvua kutoka mashambani na majumbani kwetu yanazishika kabla hazijaingia ziwani kulisha mwani na magugu maji. Kata kijia. Utaliona ziwa vizuri tu.

Na magugu maji yenyewe: yakiletwa na upepo ufukweni kwako, usiyasukume kwa mti yaende kwa mwenzako. Kesho upepo unageuka. Vuta kwa reki, rundika mbali na maji, yakauke, utie shambani. Vaa buti, humo kuna nyoka, na kuna konokono wa kichocho. Wanaoyarundika kwenye maji yaliyotuama wanawafugia konokono watoto wa mtaa mzima.

Chama tulikianza baada ya mafuriko, wenye viwanja kumi na mmoja. Nilikuwa nimesoma kuhusu wenzetu wa Ziwa Naivasha kule Kenya, ambako wenye ardhi za kando ya ziwa wana chama tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1999 kilipewa tuzo ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, kwa kutunza ziwa lao. Nikaona na sisi tunaweza. Kikao cha kwanza ajenda zilikuwa geti, mlinzi na kamera. Cha pili, geti. Cha tatu tukaona tuwaalike wenyeji, hasa viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi pale mwaloni, na kina mama wa dagaa, tukapanga Jumamosi jioni, tukanunua soda kreti nne. Hakuja mtu hata mmoja.

Niliuchukia mtaa ule wiki nzima. Mpaka Babu akaniambia, kwa upole wa kumwonea mtu huruma, "Mikutano yenu mnaiweka kwenye giza."

Giza! Wavuvi wa dagaa wanavua usiku usio na mwezi, kwa taa. Hizo ndizo siku zao za kazi. Mbalamwezi ikikaa juu, wanalala, wanashona nyavu, wana nafasi. Sisi tulikuwa tunapanga mikutano kwa kalenda ya mshahara wakati majirani zetu wanaishi kwa kalenda ya mwezi. Tukahamisha kikao kwenye mbalamwezi. Walikuja zaidi ya arobaini na soda hazikutosha.

Na ajenda zao hazikuwa geti. Ya kwanza ilikuwa taa zetu: zile kubwa za ulinzi tunazoelekeza ziwani zinampiga mvuvi machoni anaporudi alfajiri, haoni mawe. Tukazigeuza zitazame chini, gharama sifuri. Ya pili, muziki wa wapangaji wa wikiendi. Sauti juu ya maji inakwenda mbali kuliko unavyodhani. Ya tatu ilituchoma, ikabidi tuangaliane. Mmoja wetu alikuwa anakodisha ufukwe wake usiku kwa watu wa kokoro, wavu unaoburutwa kutoka majini hadi ufukweni. Sisi ndio tuliokuwa tunalalamika kwenye grupu kwamba wenyeji wanamaliza samaki.

Kokoro limepigwa marufuku, na sababu yake unaweza kuiona mwenyewe. Asubuhi ziwa likiwa shwari, simama kwenye maji ya kina cha goti utazame chini: utaona vishimo vya duara kwenye mchanga, kama vimechorwa kwa sahani. Ni sato dume anavichimba, jike anataga humo, kisha anayachukua mayai mdomoni na kuyalea huko huko. Kokoro likiburutwa hapo mara moja linafagia vishimo, mayai, vifaranga na mama yao. Na kokoro haliwezi kuvutwa bila ufukwe wa kusimama. Kwa hiyo mwenye ufukwe akikataa, amelinda samaki kuliko doria nyingi. Yule mwenzetu alinuna miezi mitatu, akaacha. Sijui kama aliacha kwa kushawishika au kwa kuona haya. Kwangu ni sawasawa.

Ada yetu ni shilingi elfu kumi kwa mwezi. Jambo la kwanza tulilofanya nayo ni mipira ya matairi ya lori, kila mmoja umefungwa kamba ndefu, ikatundikwa kwenye miti kando ya maji wanapoogelea watoto. Halafu rambirambi. Usiidharau rambirambi. Kama huonekani msibani, usitegemee mtu akuamshe usiku kukuambia boti yako imekatika kamba.

Mambo mengine hatujayaweza. Ngumi bado zinatokea pale mwaloni juu ya nani atupe wapi taka za plastiki, na mmoja wa wale kumi na mmoja hajalipa ada tangu tuanze, ingawa ndiye mzungumzaji wetu mkuu. Ziwa nalo lilipanda tena 2024, likanikuta nimehamia upande wa juu, kuupita mkuyu, na safari hii lilichukua bustani ya mchicha peke yake.

Njia je? Siku ya tatu tu baada ya ukuta kuanguka, nilitoka alfajiri nikakuta nyayo mbichi kwenye tope, katikati ya tofali, palepale ilipokuwa inapita zamani. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Nilichukua koleo nikasogeza tofali zilizowazuia, upana wa watu wawili wenye ndoo wakipishana. Baadaye nikapanda miti ya kivuli pande zote mbili, na mama mmoja akaniambia ningepanda miembe ingekuwa na faida, nikaing'oa nikapanda miembe.

Juzi nilikuwa na mgeni kutoka Dodoma. Bodaboda aliyempakia pale stendi alimuuliza anakwenda wapi, akataja jina langu, kijana akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Kule kwa ukuta?"