Re: Dhahabu ya Aksum ilikuwa ya nini?
Mkuu umeuliza sarafu ya dhahabu ya Aksum, ule ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea, ilikuwa na kazi gani kama raia wa kawaida hakuishika. Ilikuwa ya biashara ya nje bana, meli zinatia nanga Adulis pale Bahari ya Shamu, wafanyabiashara wanataka hela wanayoielewa, ndo maana toka enzi za mfalme Endubis, mwishoni mwa karne ya 3, dhahabu iliandikwa Kigiriki na uzito wake ukafuata vipimo vya Roma. Sokoni ilitembea zaidi sarafu ya shaba. Ila shaba yenyewe usiidharau, nyingine zilipakwa dhahabu kidogo nyuma ya picha ya kichwa cha mfalme, moja moja kwa mkono, chenji hiyo jamani! Halafu mfalme Ezana alipoingia Ukristo karne ya 4 akatoa kwenye sarafu ile alama ya mwezi ya dini ya zamani akaweka msalaba, na sarafu za Aksum zimefukuliwa mpaka Yemen.