Furu wa Ziwa Victoria: aina 500 ndani ya miaka 15,000?

Swali: Shuleni tulifundishwa kwamba spishi mpya huchukua mamilioni ya miaka kutokea. Sasa nasoma kwamba spishi zipatazo 500 za furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, zimetokea katika miaka 15,000 hivi. Inawezekanaje? Na je, mageuko hayo yamekoma?

Jibu: Ndugu msomaji, mashaka yako yana msingi, kwa sababu mabadiliko mapya ya jeni kwa kweli hutokea polepole. Mashapo ya chini ya ziwa yanaonyesha kwamba lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Muda huo ni mfupi mno kwa samaki kusubiri kila jeni mpya ijitokeze.

Furu hawakusubiri. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba miaka ipatayo 150,000 iliyopita koo mbili za samaki hawa, moja ikiwa na asili ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, zilikutana na kuzaliana, na machotara wao wakarithi jeni za namna nyingi. Ziwa lilipojaa, uzao huo ulikuwa kama fundi anayekuta tofali zimekwisha kufyatuliwa: kazi iliyobaki ilikuwa kuzipanga. Furu pia wana taya la pili kooni linalosaga chakula, hivyo taya la mbele liko huru kubadilika kwa kukwangua mwani, kunyonya konokono au kukamata samaki wengine.

Mfano ninaoupenda ni wa jamaa wawili wa kwenye miamba ya kusini mwa ziwa, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huyu wa pili akiwa amepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume la kwanza ni la buluu na hukaa karibu na uso wa maji. La pili lina wekundu mgongoni na hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaopenya ni mwekundu. Jeni ya macho, iliyorithiwa kutoka kwa wale machotara, hutofautiana kati yao, kila mmoja akiona vizuri zaidi rangi inayotawala kina chake. Jike, ambaye huatamia mayai mdomoni, huchagua dume kwa rangi anayoiona vizuri, na kwa uchaguzi huo spishi hizi mbili hubaki mbalimbali.

Mageuko hayajakoma. Sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980 na kuangamiza furu wengi. Mmoja wa walionusurika, Yssichromis pyrrhocephalus, alipimwa akaonekana kuwa na matamvua (viungo vya kupumulia) mapana kuliko yale ya vielelezo vya zamani, katika maji ambayo oksijeni yake imepungua. Tofauti hiyo ilijengeka ndani ya miongo miwili hivi.

Hata hivyo, linalonisikitisha zaidi ni mageuko yanayorudi nyuma. Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, wale Pundamilia wawili ni dhahiri kabisa. Kwenye kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji yamechafuka kiasi kwamba mwanga hautoshi kutofautisha rangi. Majike hawachagui tena kwa ukali, na madume wanaovuliwa huko wengi ni wa rangi ya kati, si wa buluu wala wekundu.