Shangazi, nijiunge na monasteri ipi?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 46, nimefunga ndoa kanisani, watoto wote wakubwa. Moyo unanituma niwe mwoblati wa Mtakatifu Benedikto, yaani mlei anayejifunga na monasteri huku akiishi nyumbani kwake. Kwa miaka miwili nimekwenda Peramiho, Hanga, Ndanda na Mvimwa, na kote nimejisikia nyumbani, ndiyo maana nashindwa kuchagua. Tatizo ni mume wangu. Ni Mkristo baridi, wa Jumapili tu. Nikiamka saa kumi na moja nisali, yeye yuko jikoni na redio yake anachemsha uji wa mama yake, ambaye amepooza na tunaishi naye. Safari ya mwisho aliniuliza nani atampa mama dawa za usiku, nikamjibu Mungu ataweka njia. Tangu siku hiyo amenuna. Nimekutumia picha za monasteri zote nne. Nichague ipi, na nimfanyeje mume anayenizuia kumtafuta Mungu?"
Mama Neema, Kimara

Marahaba, mwanangu. Njaa ya sala ni njaa kweli, siidharau. Na kununiwa ndani ya nyumba kunachosha, pole. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeirudia mara tatu nikimtafuta huyo mume mkorofi, sijamwona. Nilichokiona ni mwanamume anayeamka kabla ya jogoo kumkorogea uji mama aliyepooza, huku mkamwana chumba cha pili amekunja uso kwa sababu redio inamvurugia sala. Halafu unasema anakuzuia. Mume anayezuia hakufikishi Mvimwa, mwanangu. Kule ni Rukwa! Nauli ya kwenda Rukwa na kurudi aliitoa nani? Barua imekaa kimya.

Picha zako nimezitazama pia. Malango manne, na wewe mbele ya kila lango, na vitenge vinne vipya. Nimevihesabu.

Sasa tuje kwa huyo Benedikto unayemfuata. Kanuni yake, kile kitabu alichowaandikia watawa, ina sura 73, nyingine fupi kuliko barua yako. Soma ya 36. Anasema wagonjwa wahudumiwe kabla ya yote na juu ya yote, kama anayehudumiwa ni Kristo mwenyewe. Kwa hiyo hapo Kimara Mbenediktini mnaye tayari, tena ndiye huyo mwenye sufuria na redio. Ila yeye hajapiga picha langoni.

Kisha rudi sura ya kwanza kabisa. Benedikto anataja aina nne za watawa, na wa nne ni wazururaji: siku tatu monasteri hii, siku nne ile, hawatulii, wanatumikia matakwa yao wenyewe. Anasema hao ndio wabaya kuliko wote. Sijasema mimi, kasema yeye, miaka takriban 1,500 iliyopita.

"Kote nimejisikia nyumbani." Ungekosaje? Sura ya 53 inawaamuru wampokee kila mgeni kama Kristo. Lakini sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe siku ya tatu ulishakuwa stendi unasubiri basi. Jembe la mtu yeyote hujalishika.

Kuwa mwoblati si kusajili laini ya simu, ukichoka unahamia mtandao mwingine. Unajifunga na monasteri moja, kwa nia ya kubaki nayo hadi kaburini. Unabaki mlei, unabaki mke wa mtu, unabaki Kimara. Huweki nadhiri kama watawa, unatoa ahadi, na kabla ya ahadi kuna malezi ambayo kwa kawaida hayapungui mwaka mmoja. Mlezi wa waoblati akijua kazi yake hatakuuliza umetembelea abasia ngapi. Atakuuliza nyumbani umemwacha nani.

Umewahi kumsikia Francisca wa Roma? Ndiye msimamizi wa waoblati, sikukuu yake tarehe 9 Machi. Aliolewa binti mdogo na akaishi na mumewe Lorenzo kama miaka 40. Alianzisha jumuiya ya waoblati mwaka 1425, lakini yeye mwenyewe hakuhamia kwao mpaka mume alipofariki, mwaka 1436. Inasimuliwa kwamba siku moja akisali aliitwa na mume mara nne kwenye mstari ule ule, na mara nne akafunga kitabu akaenda. Aliporudi akaukuta ule mstari umeandikwa kwa dhahabu. Wewe umeulizwa swali moja tu la dawa, ukamtwisha Mungu.

Nyie wanandoa wa siku hizi mna ugonjwa huu. Mke ana kundi lake la maombi, mume ana kundi lake la mpira, kila mtu na simu yake na hija yake, na usiku mnakutana kitandani kama abiria wa daladala, bega kwa bega bila kujuana. Zamani mume na mke waligombana kwa sababu ya pesa. Sasa mnagombana nani ana Mungu zaidi! Na anayejisifu kuwa naye, nimeona mara nyingi, ndiye vyombo vyake vimelala bila kuoshwa.

Umeuliza ipi, nakujibu. Mvimwa ifute, hutaifikia ukiwa na miaka 70 na magoti yanauma. Zimebaki tatu. Peramiho ina heshima zake tangu 1898, Ndanda tangu 1906, na Hanga ilianzishwa 1957 kwa ajili ya watawa Waafrika. Lakini usichague kwa umri wala kwa uzuri wa kanisa. Kumbuka ni wapi padri au bruda alikuuliza habari za mume wako na za mama mkwe. Hapo ndipo pako. Kama hakuna aliyeuliza, basi bado hujafika kokote.

Kesho alfajiri uji upike wewe. Redio iache iwake. Masifu ya Asubuhi utayasoma mama akishakula, na ukimsomea kwa sauti atafurahi, masikio hayajapooza. Wifi zako unao, waombe wakae naye siku nne mwezi wa nane, mpande basi wawili, safari hii lango achague Baba Neema. Ukirudi niandikie. Picha usitume.