Vitabu Vinaota Kuvu Sebuleni

Swali: Ndugu Mhariri, kila msimu wa mvua vitabu vyangu hapa Bukavu huota kuvu kwenye rafu iliyoegemea ukuta wa nje. Nifanyeje nipate pembe nzuri ya kusomea? (Msomaji, Kadutu)

Jibu: Mvua za Bukavu hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na ukuta wa nje, ukiwa baridi, hukusanya unyevu nyuma ya rafu mahali hewa isipopita. Ihamishie rafu kwenye ukuta wa ndani, ukiacha sentimita 5 nyuma yake, wala usivibane vitabu. Vyenye kuvu vifute kwa kitambaa kikavu, nje, kivulini, kwani jua kali hupausha majalada. Kiti chenye mito ya kitenge kikae karibu na dirisha. Mapazia mazito, ambayo tunayapenda kupita kiasi, yafungue mchana.